Je, Wajua? Karatasi za Washington na Vilima vya Lemera

Lemera iko mlimani, katika utawala wa Bafuliiru, teritori ya Uvira, Kivu Kusini. Ukiteremka kutoka huko unalikuta bonde la Ruzizi, kisha mto wenyewe, kisha Burundi ng'ambo ya pili. Ukishika barabara ya kusini unapita Sange na Kiliba, unaingia Uvira, na Ziwa Tanganyika linakufungukia mbele. Mpita njia huona mihogo, mpunga, ng'ombe na mitumbwi ya wavuvi. Si rahisi atambue kwamba siasa ya nje ya Marekani imekuwa ikipita njia hiyo hiyo kwa karibu miaka mia mbili. Imewahi kuja ikiwa jora la kitambaa, ikaja ikiwa boti ya doria, na mara nyingine imekuja ikiwa karatasi iliyotiwa saini mbali kabisa na ziwa.

Mambo yafuatayo tumeyapanga kwa mfuatano wa miaka. Unapoyasoma, jiulize kila mara: mwenyeji aliulizwa?

Kitambaa kilitangulia

Je, wajua kwamba mababu wa kando ya ziwa walimjua Mmarekani kwa kitambaa chake kabla ya kumwona kwa macho? Tarehe 21 Septemba 1833, mjumbe Edmund Roberts alitia saini mjini Muscat mkataba wa urafiki na biashara kati ya Marekani na Sayyid Said bin Sultan, aliyetawala Oman na Unguja. Wamarekani waliruhusiwa kufanya biashara katika bandari zake kwa ushuru wa asilimia 5. Mwaka 1837 walifungua ubalozi mdogo Unguja, miaka minne kabla ya Waingereza. Mwaka 1840 Sayyid Said naye alituma meli yake Sultana hadi New York, ikiongozwa na Ahmad bin Na'aman.

Bidhaa iliyoubeba urafiki huo ilikuwa kitambaa cha pamba kisichopaushwa, kilichofumwa Massachusetts na kuletwa na wafanyabiashara wa mji wa Salem. Waswahili wakakiita amerikani. Misafara ilikibeba kutoka pwani hadi Tabora, Ujiji na ng'ambo ya ziwa, na njia nzima kilitumika kama fedha. Mikono minne ilikuwa shuka, mikono minane ilikuwa doti, na kwa doti ulilipa wapagazi, ulinunua chakula na ulitoa hongo kwa mtemi ili upite. Wamarekani walipopigana wenyewe kwa wenyewe kati ya 1861 na 1865, pamba yao iliadimika na vitambaa vya Uingereza na India vikashika nafasi yake. Soko la ziwani lilikuwa tayari linaguswa na vita ambavyo hakuna aliyesikia mlio wake.

Ruzizi unaingia au unatoka?

Mwaka 1858 Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walipanda mitumbwi kutoka Ujiji hadi Uvira wakitafuta chanzo cha mto Nile. Walitamani kusikia kwamba Ruzizi unatoka ziwani na kuelekea kaskazini. Wenyeji wa Uvira waliwajibu wazi kwamba mto huo unaingia ziwani. Wageni hawakufika mdomoni mwa mto, na wasomi wa Ulaya wakaendelea kubishana.

Mwishoni mwa Novemba 1871 alikuja Henry Morton Stanley, aliyelipwa na gazeti la Marekani, New York Herald, kumtafuta David Livingstone. Baada ya kukutana Ujiji, wawili hao walipiga makasia hadi kaskazini mwa ziwa na kuuona Ruzizi ukimimina maji ndani ya Tanganyika. Ulimwengu ukaambiwa kwamba jambo limegunduliwa. Jibu lenyewe lilikuwa limetolewa na watu wa Uvira miaka 13 kabla.

Nchi ya kwanza kuitambua bendera ya Leopold

Je, wajua kwamba Marekani ndiyo iliyotangulia mataifa yote kuitambua bendera ya chama cha Mfalme Leopold wa Pili, kile kilichokuja kuwa Dola Huru ya Kongo? Ilikuwa tarehe 22 Aprili 1884, miezi kadhaa kabla ya Mkutano wa Berlin kufunguliwa. Kazi ya kuwashawishi wakubwa wa Washington ilifanywa na Henry Shelton Sanford, aliyewahi kuiwakilisha Marekani nchini Ubelgiji. Moja ya hoja zake ilikuwa mikataba ambayo machifu wa Kongo walikuwa wameiwekea alama. Mikataba hiyo iliandikwa kwa lugha ambazo machifu hawakuzisoma.

Lakini Mmarekani mwingine alikuja kuona kwa macho yake. George Washington Williams, Mmarekani mweusi, mwanahistoria na aliyekuwa askari, alisafiri ndani ya Kongo mwaka 1890. Akiwa karibu na Kisangani ya leo alimwandikia Leopold barua ya wazi akieleza udanganyifu wa mikataba hiyo, minyororo na mauaji. Alifariki mwaka uliofuata akiwa na umri wa miaka 41. Serikali yake ilikuwa imetambua bendera, yeye akawatambua watu waliokuwa chini ya bendera hiyo.

Udongo wa Katanga katika bomu la Hiroshima

Sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika mradi wa Marekani wa kutengeneza bomu la atomiki ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkuu wa kampuni ya Union Minière, alisafirisha takriban tani 1,200 za mawe ya urani hadi Staten Island, New York, akihofia yasije yakaangukia mikononi mwa Wajerumani. Mawe ya Shinkolobwe yalikuwa na kiwango cha urani kilichozidi kwa mbali migodi mingine iliyojulikana wakati huo. Tarehe 6 Agosti 1945 Hiroshima ikaungua. Tangu hapo Washington haikuiangalia tena Kongo kama nchi ya mbali.

Mwaka ambao Uvira ilitangulia

Waziri Mkuu Patrice Lumumba alikwenda Washington Julai 1960, mwezi mmoja tu baada ya uhuru, kuomba msaada. Alirudi mikono mitupu. Uchunguzi wa Baraza la Seneti la Marekani mwaka 1975 ulithibitisha kwamba shirika la kijasusi la CIA lilituma sumu Léopoldville, yaani Kinshasa, ili auawe. Sumu haikutumika. Aliuawa kwa risasi Katanga tarehe 17 Januari 1961, mikononi mwa Wakongomani na Wabelgiji.

Waliolishika jina lake waliinuka mwaka 1964. Uvira ilikuwa miongoni mwa miji ya kwanza kuchukuliwa na waasi wa mashariki, Mei mwaka huo, na kutoka hapo moto wa waasi hao, walioitwa Simba, ulienea hadi Stanleyville, yaani Kisangani. Tarehe 24 Novemba 1964 ndege za kijeshi za Marekani ziliwadondosha askari wa miavuli wa Ubelgiji juu ya mji huo kuwaokoa mateka wa kigeni. Wageni wengi waliokolewa, wengine waliuawa, na Wakongomani waliokufa katika siku na wiki zile hakuna aliyewahesabu kwa uangalifu kama huo.

Moja, Mbili, Tatu

Je, wajua kwamba Che Guevara alipokuwa kwenye ufuko wetu aliitwa Tatu? Alivuka ziwa kutoka Kigoma pamoja na wapiganaji wa Kuba kuwasaidia waasi, akashuka Kibamba, kusini mwa Uvira kuelekea Fizi, Aprili 1965. Wakuba walijipa majina kwa hesabu ya Kiswahili: Víctor Dreke alikuwa Moja, José María Martínez Tamayo alikuwa Mbili, na Che, aliyekuwa mkuu wao wote, akajificha nyuma ya namba ya tatu. Kijana Mkongomani, Freddy Ilanga, alipewa kazi ya kumfundisha Kiswahili na kumtafsiria.

Marekani nayo ilileta Wakuba. CIA iliwaajiri wapinzani wa Fidel Castro waliokimbilia Florida, ikawapa ndege za kivita, na ikaweka boti za doria zenye mbio ziwani, zikifanya kazi kutoka Albertville, mji unaoitwa sasa Kalemie. Kazi ya boti hizo ilikuwa kukata njia ya silaha kutoka Kigoma. Kwa miezi kadhaa, watu wa kisiwa kimoja cha Karibi waliwindana kwenye maji ambayo wavuvi wetu walikuwa wakivulia ndagala usiku. Vita Baridi ilikuwa na kambi mbili kubwa, na zote mbili zilikuja Tanganyika zikisema Kihispania.

Tarehe 21 Novemba 1965 Che alivuka kurudi Kigoma akiwa ameshindwa. Nyuma alimwacha kiongozi wa waasi ambaye alimlaumu kwa kutoonekana mstari wa mbele. Jina lake lilikuwa Laurent-Désiré Kabila, na ziwa halikuwa limemaliza naye.

Balozi aliyeadhibiwa kwa kuokoa watu

Usiku wa tarehe 19 Mei 1975, watu wenye silaha walivuka ziwa kutoka upande wa Kongo, wakavamia kituo cha utafiti wa sokwe cha Gombe, nchini Tanzania, na kuwateka vijana wanne: Wamarekani watatu wa Chuo Kikuu cha Stanford na Mholanzi mmoja. Walikuwa watu wa PRP, chama cha Kabila, waliokuwa wamejenga maskani yao katika milima ya Fizi.

Sera ya Marekani ilikuwa kutozungumza na watekaji na kutolipa fidia. Balozi wake mjini Dar es Salaam, W. Beverly Carter, aliona maisha ya vijana yako hatarini, akazisaidia familia zao kufikia makubaliano. Katika muda wa zaidi kidogo ya miezi miwili wote wanne walikuwa huru. Waziri wa Mambo ya Nje, Henry Kissinger, alikasirika. Carter aliondolewa Tanzania, na ubalozi wa Denmark aliokuwa ameandaliwa akanyimwa. Kelele zilipopigwa ndipo alipopelekwa Liberia.

Angalia jinsi gurudumu linavyozunguka. Mwaka 1975 kuzungumza na watu wa Kabila kulimharibia balozi kazi. Mwaka 1997 Rais Bill Clinton alimtuma mjumbe wake, Bill Richardson, kwenda kuzungumza na Kabila yule yule.

Rafiki wa miaka yote, hadi mwaka mmoja

Mobutu Sese Seko, aliyekuja kuwa mtawala wa Kongo, alipokewa Ikulu ya Marekani na marais kadhaa, kuanzia Kennedy mwaka 1963. Juni 1989 alipokewa na George H. W. Bush. Kambi yake ya kijeshi ya Kamina ilitumika kupeleka silaha za Marekani kwa waasi wa UNITA wa Angola. Ukuta wa Berlin ulipoanguka Novemba 1989, Mobutu alibaki yule yule na uhitaji wa kuwa naye ukatoweka. Mwaka uliofuata Bunge la Marekani likakata msaada wa moja kwa moja kwa serikali yake. Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Mobutu alikuwa amefaa kwa vita, na vita vilikwisha.

Lemera, Oktoba 1996

Hapa lazima tusimame, kwa sababu jina la mlima huu liliandikwa mara mbili ndani ya mwezi mmoja, mara ya kwanza kwa damu na mara ya pili kwa wino.

Hospitali ya Lemera ilijengwa na wamisionari Wapentekoste kutoka Sweden. Daktari Denis Mukwege alianza kazi hapo mwaka 1983, akaona akina mama wakifa kwa uzazi, akaenda Ufaransa kusomea magonjwa ya wanawake, kisha akarudi na kuiongoza. Tarehe 6 Oktoba 1996 watu wenye silaha waliivamia. Wagonjwa waliuawa vitandani mwao, na wahudumu wakauawa pamoja nao, zaidi ya watu 30. Daktari Mukwege hakuwepo siku hiyo. Ripoti ya Mapping ya Umoja wa Mataifa, iliyotolewa Oktoba 2010 na kuorodhesha matukio 617 ya ukatili nchini Kongo, inalitaja shambulio hilo. Hakuna mahakama iliyomhukumu yeyote kwa ajili yake.

Kabla mwezi haujaisha, yalitangazwa Makubaliano ya Lemera, yaliyozaa muungano wa waasi wa AFDL. Vyama vinne viliungana: PRP ya Laurent-Désiré Kabila, ADP ya Déogratias Bugera, CNRD ya André Kisase Ngandu na MRLZ ya Anselme Masasu Nindaga. Wapo watafiti wanaoshikilia kwamba karatasi hiyo iliandaliwa Kigali, na Lemera ikapewa heshima ya jina tu ili vita vionekane vimezaliwa ndani ya Kongo. Uvira ilianguka mwezi huo huo. Kinshasa ya Mobutu ilianguka tarehe 17 Mei 1997.

Je, wajua pia kwamba kati ya wakuu wanne wa makubaliano hayo watatu waliuawa? Kisase Ngandu aliuawa Januari 1997, Masasu Novemba 2000, na Kabila mwenyewe tarehe 16 Januari 2001.

Kampuni kutoka mji wa rais

Marekani haikutia saini Lemera, lakini ilikuwa na uhusiano wa karibu na waliolisukuma jeshi la AFDL. Paul Kagame wa Rwanda alikuwa mwanafunzi katika chuo cha kijeshi cha Fort Leavenworth, Kansas, mwaka 1990. Julai 1997 alilieleza gazeti la Washington Post kwamba Rwanda ndiyo iliyopanga na kuongoza vita vile.

Fedha nazo hazikungoja Kinshasa ianguke. Aprili 1997, mwezi mmoja kabla, kampuni ya American Mineral Fields ilitangaza mkataba wa madini na AFDL wenye thamani ya karibu dola bilioni moja, kwa ajili ya shaba, kobalti na zinki za Katanga. Makao ya kampuni hiyo yalikuwa Hope, Arkansas, mji mdogo alikozaliwa Rais Clinton. Tangu tamko la Lemera hadi mkataba huo ilipita nusu mwaka. Ukitaka kuelewa kwa nini watu wa Kivu husikia neno "amani" na papo hapo huuliza habari za madini, anza na nusu mwaka huo.

Sheria iliyopewa jina la rais

Je, wajua kwamba ipo sheria ya Marekani ambayo wachimbaji wa Kivu waliipa jina lao wenyewe? Tarehe 21 Julai 2010 Rais Barack Obama alitia saini sheria ya mabenki ijulikanayo kama Dodd-Frank. Ndani yake kulikuwa na kifungu cha 1502, kilichozitaka kampuni zilizo kwenye soko la hisa la Marekani kueleza kama bati, tantali, tangsteni au dhahabu zinayotumia imetoka Kongo au nchi jirani. Lengo lilikuwa jema: kuwakatia wenye bunduki fedha za madini. Huku ikaitwa "Loi Obama".

Mambo yalivyokwenda ni haya. Wanunuzi wengi wa ng'ambo waliona ni rahisi zaidi kuikwepa Kongo kuliko kuchunguza kila gunia. Septemba 2010 Rais Joseph Kabila naye akasimamisha uchimbaji wote mdogo katika Kivu zote mbili na Maniema, hadi Machi 2011. Wachimbaji wadogo walikosa kazi, maduka ya vijijini yakakosa wateja, na wazazi walioishi kwa machimbo wakashindwa kulipa ada za shule. Baadaye magunia ya kasiterite na koltani yakaanza kufungwa lebo ili asili yake ijulikane, na baadhi ya machimbo yakapata nafuu. Dhahabu, ambayo mtu huweza kuivusha mpaka mfukoni, iliendelea kutoroshwa. Kifungu kizima kilitungwa Washington kwa huruma ya kweli kwa watu wa Kivu. Kosa lake ni kwamba mchimbaji hakuwa na kiti pale kilipotungwa.

Mshirika ni nani hasa?

Neno "mshirika" lina ngazi katika siasa ya Marekani. Ngazi ya juu ni mkataba wa kujihami wa NATO, ulioanzishwa mwaka 1949, ambao kifungu chake cha 5 husema anayemshambulia mmoja amewashambulia wote. Kimetumika mara moja tu, kuitetea Marekani yenyewe baada ya Septemba 11, 2001. Mwanachama wa 32 ni Sweden, nchi ya wamisionari walioijenga hospitali ya Lemera, iliyokaa nje ya miungano ya kijeshi kwa takriban miaka mia mbili hadi Machi 2024.

Hakuna nchi ya Afrika yenye ahadi kama hiyo. Ngazi ya chini yake ni "mshirika mkuu asiye wa NATO", ambayo hurahisisha ununuzi wa silaha na mafunzo bila kuahidi ulinzi. Misri, Morocco na Tunisia zimo. Juni 2024 Kenya ikawa ya kwanza kusini mwa Sahara. Kongo haimo katika ngazi yoyote ya hizo. Hata AFRICOM, kamandi ya jeshi la Marekani kwa Afrika iliyoanza kazi kamili Oktoba 2008, makao yake yako Stuttgart, Ujerumani.

Kongo ilipata mafunzo. Mwaka 2010 Wamarekani walifundisha Kisangani kikosi cha komando cha 391, kiwe mfano kwa jeshi zima. Novemba 2012, baada ya Goma kuanguka mikononi mwa waasi wa M23, askari wa kikosi hicho walikuwa miongoni mwa waliohusishwa na ubakaji wa wanawake na wasichana wengi Minova. Mafunzo ya miezi hayakuweza kuziba pengo la mishahara, chakula na nidhamu.

Njia ya ziwa hadi Amerika

Vita vya 1996 viliwavusha watu wa Uvira na Fizi kwa mitumbwi hadi Kigoma, na mwaka huo huo ikafunguliwa kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu. Watoto waliobebwa mgongoni kuvuka ziwa wamezaa watoto wao humo. Usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, katika kambi ya Gatumba, nchini Burundi, karibu na mpaka wa Kavimvira, wakimbizi zaidi ya 150 waliuawa, wengi wao Banyamulenge. Kuanzia mwaka 2007 mamia ya walionusurika walipokewa Marekani.

Kwa miaka kadhaa Wakongomani waliongoza orodha ya wakimbizi wanaopokewa nchini humo. Katika mwaka wa fedha wa 2024 walikuwa karibu 20,000, na Kiswahili kikawa lugha ya kawaida katika ofisi za wakimbizi na makanisa ya miji mingi ya Marekani. Januari 20, 2025 Rais Donald Trump alisimamisha mpango huo siku ya kwanza ya muhula wake wa pili. Familia zilizokuwa zimepimwa afya na kuhojiwa zikabaki kambini.

Juni 2025 ikatoka orodha ya nchi ambazo raia wake wamezuiwa kuingia Marekani. Kongo iliyozuiwa kabisa ilikuwa ya Brazzaville, si ya Kinshasa. Burundi iliwekewa vizuizi vya sehemu. Kwa mkazi wa bonde la Ruzizi, mto mmoja ulitenganisha masharti mawili ya viza.

Redio ilinyamaza, na dawa pia

Sauti ya Amerika ilikuwa ikitangaza kwa Kiswahili tangu miaka ya 1960, na kwa Kirundi na Kinyarwanda tangu miaka ya 1990. Katikati ya Machi 2025 wafanyakazi wake waliambiwa wabaki nyumbani, na matangazo yakakatika. Ilikuwa mwezi mmoja tu baada ya Bukavu kuanguka mikononi mwa M23, ofisi za serikali ya mkoa zilipokuwa zinahamia Uvira na kila mtu alihitaji habari za kuaminika.

Tarehe 1 Julai 2025 shirika la misaada la USAID lilifungwa rasmi. Mwaka uliotangulia, karibu asilimia 70 ya fedha za misaada ya kibinadamu nchini Kongo zilitoka Marekani. Uvira ni mji ambamo kipindupindu hakikomi, na katika mji kama huo vidonge vya kusafisha maji si suala la siasa. Hata hivyo vilikuwa vikitegemea kura za bunge la nchi nyingine, na hilo ni fundisho kwa serikali yetu kuliko kwa Washington.

Saini ya Desemba, barabara ya Desemba

Mwaka 2025 Marekani ilirudi kwa kishindo, safari hii kama mpatanishi. Aprili 25 mawaziri wa Kongo na Rwanda walitia saini tamko la kanuni mjini Washington. Juni 27 wakatia saini makubaliano ya amani: kuwazima wapiganaji wa FDLR, waasi wa Kinyarwanda walioko Kongo, Rwanda kuondoa kile ilichokiita hatua za kujilinda, na kujenga ushirikiano wa kiuchumi wenye madini ndani yake. Qatar ilisimamia mazungumzo mengine, ya Kinshasa na AFC/M23, mjini Doha. Daktari Mukwege, yule wa Lemera, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Amani ya 2018, alionya kwamba makubaliano ya Washington yanaweza kumzawadia mchokozi na kuhalalisha uporaji wa mali ya nchi.

Desemba 4, marais Félix Tshisekedi na Paul Kagame walitia saini mbele ya Rais Trump. Siku hiyo hiyo Kongo ilitia saini na Marekani mkataba mwingine wa ushirikiano wa kimkakati, wenye madini mbele. Wakati wino haujakauka, mizinga ilikuwa inalia kwenye barabara ya Kamanyola, Luvungi na Sange, chini ya vilima vya Lemera. Desemba 10 M23 iliingia Uvira. Makumi ya maelfu ya watu walivuka kuingia Burundi na magodoro kichwani. Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, Marco Rubio, alisema huo ni uvunjaji wa wazi wa makubaliano. Siku chache baadaye M23 ikatangaza kwamba itaondoka Uvira kwa ombi la wapatanishi wa Marekani.

Funzo la hapo lina pande mbili, na mtu mkweli huzishika zote. Saini ya Washington haikuizuia Uvira kuanguka. Na bado, mji ulipokwisha kuanguka, simu ya Washington ilikuwa miongoni mwa vitu vichache vilivyoweza kumfanya mwenye bunduki atangaze kurudi nyuma. Dola hiyo ina uwezo. Haki yetu ni kuuliza uwezo huo unatumika lini, na kwa ajili ya nani.

Jambo la mwisho la kujua

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mikataba ya 2025 inataja ardhi tunayolima na mawe tunayoyakanyaga. Isomwe kwa Kiswahili na kwa Kifuliiru, kifungu kwa kifungu, redioni, makanisani, misikitini, sokoni Mulongwe na katika ua wa hospitali ya Lemera. Mwalimu aibandike ukutani. Mbunge aulizwe alikuwa wapi ilipojadiliwa.

Mwaka 1858 wageni waliwauliza watu wa Uvira mto unaelekea wapi. Walijibiwa sawasawa, na jibu likangoja miaka 13 hadi mgeni mwingine alipolithibitisha. Watu wa bonde hili bado wanajua Ruzizi unaelekea wapi, na wanajua pia ni nani hupita usiku kwenye vivuko vyake na nini kimo ndani ya magunia. Anayetaka amani ya hapa aanzie kwao.